Kutoka Ghalani hadi Dukani: Mikate ya Sikukuu na Zawadi za Chakula katika Historia ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, maduka ya Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro huuza unga wa ngano, sukari, hamira na mafuta kuliko juma jingine lolote la mwaka. Usiku wa kuamkia sikukuu hukandwa maandazi, husukumwa chapati na huokwa keki. Nje ya miji hiyo, siku hizohizo, wakulima wako shambani na jembe mkononi. Mvua za Novemba zimeilainisha ardhi, mahindi na pamba vinapandwa, na chakula kilichovunwa miezi sita nyuma kimeanza kupungua ghalani.

Hali hii inazua swali la kihistoria. Ilikuwaje karamu kubwa ya mwaka ikaangukia msimu wa jembe, na chakula chake cha heshima kikawa nafaka ambayo wakulima wa eneo hili hawaipandi? Mhadhara huu unatafuta jibu katika maneno ya chakula na ya zawadi, kwa kuwa maneno huhifadhi njia ambayo kitu kilipitia hata pale wenyewe walipokwisha kuisahau. Dai lake ni kwamba mkate wa Desemba ni chakula cha mshahara, ilhali matobolwa, karanga na mchele vinavyofungwa katika mifuko kwa ajili ya ndugu wa mjini ni chakula cha mavuno. Vyote viwili ni zawadi, lakini lugha ya siku hizi imeelekea kukiheshimu kimoja na kukinyamazia kingine.

2.0 Ushahidi wa Maneno

Neno mkate ni la Kibantu. Matumizi yake ya zamani yalikuwa mapana kuliko ya leo: lilitaja bonge lolote lililokandwa au kushindiliwa, ndiyo maana Waswahili walisema hata mkate wa tumbaku. Mkate wa mofa ulitokana na unga wa mtama, na mkate wa kumimina hutokana na mchele. Ngano haikuwa sharti la mkate. Andazi nalo limetokana na kuandaa. Maandazi yalikuwa chakula kilichoandaliwa, hasa kwa ajili ya wageni, kabla maana haijafinyika na kubaki na donge la ngano lililokaangwa. Kitenzi kuoka pia ni cha Kibantu, na hadi leo hakibagui kati ya muhogo uliofukiwa katika majivu ya moto na keki iliyoumuka.

Msamiati wa vitu vinavyozunguka mkate unasimulia habari nyingine. Tanuri, hamira, sukari na samli vimetoka katika Kiarabu. Chapati imetoka Bara Hindi. Keki, biskuti na oveni vimetoka katika Kiingereza. Kwa hiyo tendo la kuoka na wazo la mkate ni vya wenyeji, bali vifaa na viungo vimefika kwa tabaka tatu: biashara ya misafara, maduka ya Wahindi, na utawala wa Kiingereza pamoja na misheni.

Tabaka la kwanza lilifika karibu na Shinyanga mapema. Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliandika kuhusu ngano iliyolimwa na Waarabu wa Unyanyembe. Ilikuwa ngano ya bustani, chakula cha wafanyabiashara waliotaka kula bara kama walivyokula pwani. Msukuma au Msumbwa aliyeuona mkate huo aliuona kama chakula cha mgeni, na sifa hiyo ya ugeni ndiyo iliyoufanya baadaye ufae kuwa chakula cha sikukuu. Kinacholiwa kila siku hakitangazi kwamba leo ni siku nyingine.

3.0 Kalenda Mbili

Kabla ya kalenda ya kanisa, furaha ya Usukumani ilifuata mavuno. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za shamba hupungua na ghala hujaa. Huo ndio msimu wa ngoma za mashindano kati ya Wagika na Wagalu, na ndio msimu wa kutembeleana. Pamba ilipoenea katika karne ya 20, msimu huohuo ukawa pia wa fedha, kwa kuwa pamba huvunwa na kuuzwa miezi hiyo. Chama kikuu cha ushirika wa pamba cha Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilitia fedha mikononi mwa wakulima wakati uleule ambao ghala lilikuwa limejaa.

Wamisionari wa White Fathers walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Walileta kalenda yenye Noeli mwezi Desemba na Pasaka kati ya Machi na Aprili, yaani katikati ya miezi ya mvua. Walileta pia hitaji la ngano, kwa sababu hostia ya misa ya Kikatoliki haiwezi kufanywa kwa mtama wala mahindi. Hivyo, kwa Wakristo wengi wa kwanza wa kanda hii, ngano iliyookwa ilikuwa kwanza ibada, kisha ikawa kitafunio.

Kanisa lenyewe lilitambua kwamba furaha ya watu ilikuwa na majira yake. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia mwezi Mei au Juni, na ngoma za Wasukuma, na sherehe hiyo ikajulikana kwa jina la Bulabo, yaani maua. Huo ulikuwa upatanisho wa kalenda mbili. Krismasi haikupata upatanisho wa namna hiyo, kwani tarehe yake haisogei. Idi nayo husogea mno: kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, katika muda wa miaka 33 hivi sikukuu hiyo huzunguka misimu yote, na mkono wa Idi hutolewa mara ghala likiwa tele na mara likiwa tupu. Ili Desemba iwe karamu ya uhakika, ilihitajika akiba isiyotegemea mvua. Akiba hiyo ilikuwa mshahara.

4.0 Almasi, Dhahabu na Unga

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Magunia ya unga na sukari yalianza kufika kwa treni mahali ambapo zamani yalihitaji mabega ya wapagazi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930, na mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua almasi Mwadui. Migodi hiyo iliwaleta pamoja maelfu ya watu waliolipwa fedha Desemba kama walivyolipwa Juni. Kwa mara ya kwanza katika eneo hili, palikuwa na wananchi wengi ambao karamu yao haikupimwa kwa ghala.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikwisha. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu. Nyuma yao walikuja mama lishe. Historia ya migodi huandikwa kwa wakia na karati, na wanawake hawa huachwa pembeni. Hata hivyo wao ndio waliolifanya andazi kuwa chakula cha kawaida katika Geita. Mchimbaji anayeshuka shimoni alfajiri huhitaji kitu kinachobebeka, kinachoshibisha na kinachovumilia hadi mchana. Andazi na chapati vilitimiza haja hiyo. Machimbo yalipohama, karai la kukaangia lilihama pia. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, walioondoka hawakuwa wachimbaji peke yao; soko zima la chakula liliondoka nao.

Migodi mikubwa ya kisasa ilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ambao ulisimamisha uchimbaji mwaka 2021. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Katika miji iliyokua kwa kasi hiyo, andazi lililokuwa heshima ya sikukuu lilishuka likawa kifungua kinywa, na nafasi yake ya heshima ikachukuliwa na keki.

Keki haikupokelewa kama ilivyo Ulaya. Katika sherehe za Kitanzania mwenye sherehe huikata na kuwalisha wageni kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, akianza na wazazi. Hata ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, huletwa mbele ya wageni arusini na kuitwa keki. Mbuzi asiye na chembe ya unga anawezaje kuwa keki? Jibu ni kwamba neno limehama kutoka kwenye kitu na kuingia kwenye tendo. Keki ni kile kinachokatwa hadharani na kulishwa kwa mkono. Lugha imeutwaa ugeni na kuurudisha katika desturi ya kulishana.

5.0 Uhaba na Jiko

Karamu inayotegemea duka hujaribiwa duka linapokuwa tupu. Baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, nchi iliingia katika miaka ya uhaba wa unga, sukari, sabuni na mafuta. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza operesheni dhidi ya waliotuhumiwa kuhujumu uchumi kwa kuficha bidhaa. Hadi biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, familia nyingi zilisherehekea kwa vilivyokuwa karibu. Shinyanga ilikuwa na mchele wake wa majaruba, na mchele uliolowekwa na kusagwa hutoa vitumbua na mkate wa kumimina bila ngano hata punje. Waliojua mapishi hayo hawakukosa kitafunio, ilimradi sukari ilipatikana.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika bei ya unga. Nyumba nyingi huoka keki bila oveni: sufuria hufunikwa, mkaa huwekwa chini na juu ya kifuniko, na mwokaji huujua moto kwa harufu. Huu ni ufundi wa hali ya juu, lakini unakula mkaa. Shinyanga ilipoteza miti yake kwa ufyekaji wa mapori ya mbung'o wakati wa ukoloni, kwa kilimo cha pamba na kwa kuni, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Mradi huo ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na miti. Chakula cha kuanikwa, kwa upande wake, hupikwa na jua.

6.0 Zawadi na Mzigo

Chakula hicho cha jua kinastahili maelezo kamili. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Hukauka yakawa magumu, na utamu wake hutoka taratibu mdomoni. Kazi hii hufanyika baada ya mavuno ya viazi, na mazao yake hukaa hadi miezi ya jembe. Michembe iliyopikwa kwa karanga imevusha kaya nyingi katika Desemba ambazo hazikuwa na keki.

Mtu anayefanya kazi mgodini hufika kwao na unga wa ngano, sukari na mikate. Akirudi kazini hupewa matobolwa, karanga, mchele na, kwa waliotoka upande wa misitu ya Kahama na Bukombe, asali. Alichokileta huitwa zawadi. Alichopewa mara nyingi huitwa mzigo tu. Tofauti hii ya majina si ya haki, na historia ya neno lenyewe inaikanusha. Zawadi limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya masurufu, yaani chakula cha kumfikisha msafiri. Kwa asili yake, basi, anayemfungia msafiri matobolwa ndiye hasa atoaye zawadi.

Shinyanga imekwisha kutoa zawadi iliyozungumzwa duniani. Mwaka 1947 Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza almasi ya waridi kutoka Mwadui kwa ajili ya arusi yake; ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Jiwe hilo lina tarehe, uzito na picha. Kifuko cha matobolwa hakina kumbukumbu ya namna hiyo, ingawa kimesafiri mara nyingi zaidi na kushibisha watu wengi zaidi.

7.0 Hitimisho

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba katika Shinyanga na Geita mikono iliyojaa ilikuwa miwili: mmoja ulijazwa na ghala, mwingine na mshahara. Machimbo hufungwa na bei hushuka, kama ghala linavyoweza kukosa mvua. Jamii imeishi kwa kuiacha mikono hiyo ipeane.

Kwa wanaisimu, hapa pana wajibu. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamusi zake zimeyaeleza mapishi ya pwani kwa uangalifu unaostahili. Michembe, matobolwa, majaruba na ngitili ni maneno ya mamilioni ya wasemaji wa bara, nayo yanastahili uangalifu uleule: maana kamili, namna ya kutengeneza, na mfano wa matumizi. Wanaoyajua kwa mikono yao ni wazee, hasa akina mama, na wengi wao hawajaulizwa. Mtafiti atakayekwenda kuwauliza, na aende na kilo ya sukari. Atarudi na matobolwa.