Kioo, maji na mlango wa mizimu

Nani kati yetu mu Lubumbashi hajaona tablo ya mamba muntu? Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliuza tablo hizo kwa wingi, na wafanyakazi wengi walizitundika mu saloni. Nusu mwanamke, nusu samaki, ameketi kando ya maji, mkononi kitana ao kioo. Wazee walisimulia hivi: muntu akipata nywele zake, atamutokea mu ndoto kuzidai, na atamupa utajiri, lakini afunge kinywa, na asiende kwa mwanamke mwingine. Akivunja sharti, mali yote inapotea.

Sura ya mwanamke-samaki mwenye kitana na kioo ilitoka Ulaya. Lakini imani yenyewe ilikuta mizizi hapa kwetu. Kwa nini kioo kikae pamoja na maji, mkononi mwa kiumbe wa upande mwingine? Jibu zuri tunalikuta kwa Bakongo, kule chini ya mto.

Kwa Bakongo, maji yanayoitwa Kalunga ndiyo yanatenganisha wazima na wafu. Ng'ambo yake iko Mpemba, nchi ya wafu, na rangi yake ni nyeupe. Maji yaliyotulia yanaonyesha muntu kichwa chini. Nchi ya wafu nayo ni dunia yetu iliyogeuzwa: kwetu usiku, kwao mchana. Sisi wa Katanga hatuko mbali na mawazo hayo: kwa Baluba, waaguzi wanaoitwa bilumbu wanajipaka pemba nyeupe wakati wa kukutana na mizimu.

Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Biashara ya Wazungu ilileta vitambaa, shanga, na kisha vioo. Bakongo waliona mu kioo maji yasiyomwagika. Njo maana kioo kiliingia mu nkisi, ile sanamu ya miti inayopigwa misumari. Tumboni mwake nganga aliweka dawa, kama vile udongo wa kaburi na udongo mweupe, halafu akafunika na kioo. Macho pia yalitengenezwa kwa kioo. Kule kung'aa kulikuwa kama uso wa maji: nkisi ilitazama upande wa wafu na kumuona mulozi anapokuja. Kioo hakikuleta imani mpya. Kilirithi kazi ya maji.

Tusidanganyane: zamani haikuwa paradiso. Watu walitajwa kuwa walozi, na wengine walinyweshwa nkasa, sumu ya kujaribu ukweli, wakafa. Lakini nkisi ilikuwa pia na kazi ya amani: wagombanaji walikuja mbele yake pamoja, wakaapa, na musumari ukapigwa kuwa ushuhuda wa mapatano. Kila upande ulisema neno lake.

Leo, kuko watu wanaokwenda kwa muganga kuuliza nani amewaloga. Muganga anatazama mu kioo ao mu maji, na jina linatoka. Wengine wanapata jina hilo mu maombi. Mara nyingi ni la mwanamke muzee, ao la mutoto: yatima anayekaa kwa baba mudogo, aliyekojoa kitandani, mukaidi kidogo. Hakuna anayemuuliza neno lake. Anatupwa mu barabara. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamuadhibu anayemshitaki mutoto kwa ulozi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini.

Tuwasimulie watoto wetu habari za mamba muntu na za Kalunga, maana ni urithi wao. Lakini kioo kisifanywe shahidi. Anayekitazama huku ameshika hasira moyoni, sura anayoikuta mule ni yake mwenyewe.