Kustaafu na kurudi nyumbani: kupanga safari ndefu, kulinda mizigo na kutunza picha za njiani

Kila mwaka watumishi wengi hufikia ukomo wa ajira zao wakiwa mbali na kwao. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akifika miaka 60. Barua ya kustaafu inapotoka, furaha huja pamoja na maswali. Mizigo itasafirije? Nani analipa? Tuondoke lini? Na je, miaka thelathini ya maisha ya mjini itabaki na kumbukumbu gani?

Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua. Ili maelezo yaeleweke, tunachukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayestaafu Dar es Salaam na kurudi kijijini kwao, nje kidogo ya Songea. Ni safari ya zaidi ya kilomita 900 kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Kama safari yako ni ya Mwanza kwenda Mtwara, au Arusha kwenda Kigoma, kanuni ni zilezile.

Nani analipia safari?

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema kwamba ajira ikikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au ampe posho ya usafiri. Kifungu hicho pia kinagusa posho ya kujikimu kwa siku ambazo mfanyakazi anasubiri kusafirishwa.

Zingatia maneno "mahali alipoajiriwa". Sheria hiyo haizungumzii mahali ulipozaliwa. Mtu aliyezaliwa Songea lakini akaajiriwa na kiwanda akiwa tayari anaishi Dar es Salaam hawezi kudai lori la kumpeleka Songea kwa kifungu hicho. Kwa hiyo tafuta mkataba au barua yako ya kwanza ya ajira, uone umeandikwa uliajiriwa wapi.

Watumishi wa umma wana kanuni na taratibu zao za kulipwa nauli na gharama za mizigo. Nenda kwa ofisa utumishi miezi sita au zaidi kabla ya siku ya kustaafu, uliza unastahili nini, na hakikisha kumbukumbu za wategemezi wako ni sahihi. Suala la wastaafu kusubiri fedha za mizigo limesikika bungeni mara nyingi, na maumivu yake yanajulikana: mtu amestaafu, mshahara umekoma, kodi ya nyumba inadaiwa, na vyombo vimekwisha kufungwa kwenye maboksi. Ukiweza, weka akiba ya kodi ya miezi mitatu kabla ya kustaafu. Usivunje nyumba ya mjini kabla hujajua fedha zinakuja lini.

Mkupuo usiyeyuke barabarani

Fedha za mkupuo zina adui wengi. Tangu Julai 2022 kikokotoo kipya cha pensheni kiliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na asilimia 67 kulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mwezi Juni 2024 Serikali ilitangaza bungeni kuongeza mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi la waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa kundi la waliokuwa wakipata asilimia 25. Kwa kuwa viwango hivi vimebadilika zaidi ya mara moja, usipange nyumba wala lori kwa hesabu uliyosikia kwa jirani. Omba mfuko wako, uwe PSSSF au NSSF, ukupe makadirio yako mwenyewe.

Jihadhari na simu za watu wanaojitambulisha kama maofisa wa mfuko au wa hazina na kuomba "fedha kidogo ya kuharakisha faili". Mafao hayalipiwi ili yatoke. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, kisha nenda ofisini mwenyewe.

Kama ulikuwa mwanachama wa bima ya afya ya NHIF, uliza mapema utaratibu wa kadi ya mstaafu na ya mwenza wako. Uliza pia ni zahanati au hospitali gani karibu na kijiji inapokea kadi hiyo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za kutosha angalau mwezi mmoja, na aziweke kwenye mkoba wake. Dawa zisipande lori.

Wakati wa kuhama

Mikoa ya Ruvuma, Njombe na Iringa ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Barabara kuu ina lami, lakini kilomita za mwisho kuingia kijijini mara nyingi ni za udongo. Lori lililosafiri salama siku nzima linaweza kukwama mlangoni kwako na kulala hapo siku mbili. Miezi ya kuanzia Juni hadi Oktoba ni salama zaidi kwa mizigo. Ukifika Septemba unapata pia nafasi ya kuandaa shamba kabla ya mvua za kwanza.

Jambo moja la kuzingatia ni baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai mtu aliyezoea joto la Pwani atatetemeka. Blanketi na sweta zikae karibu, zisifungwe chini ya kabati.

Kupata lori kwa bei nafuu

Ruvuma ni mkoa unaolima mahindi mengi, na malori huyaleta mijini. Dereva aliyeshusha mahindi Dar es Salaam anahitaji mzigo wa kurudi nao. Lori la namna hiyo huwa nafuu kuliko lile unalolikodi kwenda na kurudi. Waulize wafanyabiashara wa nafaka wa kwenu, maana wao wanawajua madereva wanaoaminika.

Kabla ya kupakia, andikeni makubaliano, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Yawemo majina ya pande zote, namba ya gari, namba ya leseni ya dereva, mahali pa kupakia na kushusha, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na nani analipa wapakizi. Usilipe fedha zote mwanzoni. Bakiza sehemu ya kulipa mzigo ukishashuka.

Kuna mizigo inayohitaji vibali. Mbuzi, kuku au ng'ombe hawasafirishwi mkoa hadi mkoa bila kibali cha ofisa mifugo. Mbao na mkaa ni mazao ya misitu, navyo vina kibali chake cha kusafirisha. Mstaafu anayebeba mbao za kupaulia bila karatasi anaweza kuzipoteza kizuizini. Mafuta ya taa na petroli yasiwekwe kabisa kati ya magodoro.

Kamera ya simu ni shahidi wako

Sasa tunafika kwenye picha, na tunaanza na zile ambazo hakuna atakayezitundika ukutani. Kabla kitu hakijafungwa, kipige picha: televisheni ikiwa inawaka, kabati pande zote nne, cherehani, friji na namba yake ya nyuma. Kila boksi lipe namba kwa kalamu ya wino mzito, lipige picha likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa. Piga lori lenye mzigo likiwa na namba yake ya usajili, na turubai likishafungwa. Mzigo ukifika umevunjika au umepungua, mazungumzo na dereva hayatakuwa ya "ulikuwepo" na "haukuwepo". Mtatazama picha.

Piga picha pia vyeti, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja na kadi za kliniki. Nakala hizo mtumie mtoto au ndugu unayemwamini. Nyaraka halisi zibaki mkononi mwako hadi unafika.

Albamu za picha za karatasi nazo zisipande lori, kwa sababu vumbi na mvua huziharibu upesi. Kama zimeanza kufifia, zinakilishe kwa simu: ilaze picha mezani karibu na dirisha lenye mwanga usio mkali, simama juu yake simu ikiwa sambamba na meza, zima mwanga wa flashi, na hakikisha kivuli chako hakiangukii picha.

Picha za njiani

Mwalimu wetu amepita barabara hii mara nyingi, lakini kila mara akiwahi likizo au msiba. Safari hii hana wa kumkimbiza. Barabara ya Dar es Salaam hadi Songea ina mengi ya kupiga picha: wanyama wa Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50, mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kona za mlima Kitonga, misitu ya misonobari karibu na Mafinga, mashamba ya chai ya Njombe. Songea kwenyewe kuna Makumbusho ya Majimaji, yanayotunza kumbukumbu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907.

Anayesafiri kwa basi achague upande wa kukaa. Kati ya Juni na Agosti jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Basi linapoelekea Iringa, kaskazini ni mkono wa kulia. Likiacha Makambako na kushuka kusini, jua la alasiri liko magharibi, ambako pia ni kulia. Dirisha la kushoto basi ndilo lenye kivuli, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari yanayokuja hayatakuzibia.

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Isogeze simu karibu sana na kioo ili kupunguza vivuli vya ndani, na zima flashi. Usitoe mkono nje. Vitu vya karibu na barabara vitakuwa na ukungu kwa sababu ya mwendo, kwa hiyo elekeza simu mbali, kwenye milima na mabonde. Subiri gari linapopunguza mwendo, kama kwenye kupanda Kitonga. Mwanga mzuri ni wa asubuhi mapema na wa jioni. Saa saba mchana picha nyingi hutoka zimepauka.

Kwenye vituo shika simu kwa mikono miwili, usiining'inize dirishani, maana vibaka wanajua basi linakaa dakika ngapi. Ndani ya hifadhi usimshawishi dereva asimame ovyo wala aongeze mwendo. Anayegonga mnyama hutozwa faini. Usipige picha kambi za jeshi na maeneo mengine yenye ulinzi maalumu, sheria inakataza. Na mtu si mandhari. Mama anayeuza vitunguu muombe ruhusa kwanza, na akikataa mshukuru uendelee.

Ukitaka kutuma picha kwa WhatsApp bila kupungua ubora, itume kama faili na si kama picha ya kawaida. Kama bando ni dogo, subiri ufike, au zihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu.

Baada ya kufika

Kagua mzigo ukilinganisha na picha kabla ya kumalizia malipo. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, hata kama ni binamu yako, maana barua nyingi za mstaafu hupitia kwake. Badilisha anwani yako kwenye mfuko wa pensheni na kwenye benki. Usisahau uhakiki wa wastaafu, kwa sababu asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa pensheni.

Kuna jambo gumu kuliko lori. Mwenza wako huenda alizaliwa mahali pengine, na "nyumbani" kwako kwake ni ugenini. Wajukuu wamebaki mjini. Marafiki wa miaka thelathini hawapo tena baraza la pili. Zungumzeni kabla ya kuhama, si baada ya kufika. Kama inawezekana, nendeni wote mkaishi kijijini mwezi mmoja wakati wa likizo ya mwisho, mwone maji yanatoka wapi, mtandao wa simu unashika wapi, na nani atawatazama mkiugua.

Ndiyo maana tunashauri picha ya mwisho ipigwe kabla ya kuondoka mjini: familia mlangoni, majirani pembeni, na ule ukuta ambao watoto walikuwa wakipimiwa urefu kwa alama za penseli. Lori haliwezi kubeba ukuta, lakini picha yake itafika Songea.

Kwa kifupi

Anza maandalizi miezi sita kabla. Soma barua yako ya ajira. Omba makadirio ya mafao ofisini. Hama wakati wa kiangazi. Andikeni mkataba wa lori. Pigeni picha kila kitu kabla ya kufunga. Nyaraka, dawa na albamu zibebwe mkononi. Na safari yenyewe msiikimbize.