Mwisho wa Mimba Changa
Mwisho wa mimba changa ni muhula ulio baina ya juma la 10 na la 13, kwa hesabu ianzayo siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambamo kiinitete, kikiwa kimekwisha kuumbika viungo vyake vikuu, huanza kuitwa kijusi. Katika juma la 12 kijusi huwa na urefu wa kadiri ya sentimita 5 hadi 6, tangu utosini hadi matakoni, na vidole vyake vimekwisha kuachana. Hujongea, ijapokuwa mama hahisi bado. Kondo la nyuma likiisha kutwaa kazi ya kutoa homoni ziihifadhizo mimba, kichefuchefu na uchovu huwapungukia wanawake walio wengi, wala si wote, na mji wa mimba hupanda juu ya mfupa wa kinena, hata mkunga akaweza kuupapasa. Hatari ya mimba kuharibika hupungua sana, lakini haiondoki, na hili halifai kusahauliwa: damu itokayo ukeni, maumivu makali ya tumbo au homa humwajibisha mama kumwendea tabibu bila ya kukawia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza lisipite juma la 12.