Habari Ndogo za Shule Ndogo



Katika majira ya kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na watu wa Mombasa wanapotafuta shuka ya pili usiku, shule zetu ndogo za kanisa huwa na kazi nyingi kuliko sifa. Siku ya Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa na ya mazishi, katibu wa parokia husoma habari za shule. Watoto kadhaa wameingia wiki hii. Mmoja anaugua kifua. Darasa la tatu wamehifadhi zaburi. Paa la jiko linavuja. Wengi wetu wakati huo tunafungua kitabu cha nyimbo, tukitafuta wimbo unaofuata. Basi leo nataka tutazame historia ya pwani yetu, tuone kwa nini habari kama hizo zinastahili kusikilizwa.

Simama katika bandari ya zamani, pale Mji wa Kale, utazame kaskazini ng'ambo ya maji. Upande ule ni bara, sehemu za Nyali na Kisauni. Leo tunavuka kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1980, na kabla yake lilikuwako daraja la kuelea la mwaka 1931. Zamani zaidi hapakuwa na daraja lo lote. Mtu alivuka kwa mashua. Na wakati wa kusi kali hata kuvuka kulikuwa na taabu.

Kaburi lilitangulia kanisa na shule ng'ambo ile. Mwaka 1844 Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Church Missionary Society, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Tarehe 13 Julai mwaka huo huo, katikati ya kipupwe, Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa bara, ng'ambo ya mji. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vizuri.

Lakini angalia alikuwa akifanya nini majuma yale yale. Mwezi wa Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sura tatu za kwanza za kazi ile zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Ndugu zangu, tusilisahau jambo hili. Mwislamu mwenye elimu alikaa na mgeni Mkristo, akamfundisha maneno. Na mji ule haukuwa mji wa wajinga waliongojea kuletewa shule. Katika mitaa ya Mji wa Kale vyuo vya Kurani vilikuwako tangu zamani, watoto wakiandika kwa wino juu ya mbao zao na kupumzika Alhamisi na Ijumaa. Shule ya Kikristo ilipokuja, ilikuja kama jirani mpya katika mji uliojua tayari kumheshimu mwalimu.

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai. Huko walianza kufundisha watoto wachache kusoma. Sisi tunamkumbuka Rebmann kwa sababu mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro, theluji ikiwa juu yake, hata wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Lakini mlima aliuona kwa siku chache tu. Rabai alikaa mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Katika miaka ile yote waumini walihesabika kwa vidole. Wa kwanza, kilema jina lake Mringe, alibatizwa karibu na kufa kwake mwaka 1851. Kama Rebmann angeulizwa habari za wiki, mara nyingi angejibu: wamekuja watoto kadhaa, wengine wamerudi shambani kulinda mahindi. Habari ndogo kabisa.

Sasa natuingie katika jambo zito. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuanzisha mazungumzo yale alikuwa Sir Bartle Frere. Lakini mkataba haukuyazuia majahazi yote. Biashara ile ilifuata pepo. Majahazi yaliyopeleka watu Uarabuni yalihitaji upepo wa kusi wa kuyasukuma kaskazini. Julai bahari ilipochafuka mno manahodha walingoja, na kusi lilipoanza kupoa, wakati wa demani, wakatweka tanga tena. Kwa hiyo miezi hii tunayoiona kuwa ya baridi na ya mvua za rasharasha ilikuwa, kwa maelfu ya watoto, miezi ya kulala gizani chini ya sitaha.

Manowari za Kiingereza zilipokamata jahazi, likatokea swali: Watu hawa wapelekwe wapi? Makwao ni mbali, Nyasa au Uyao, na njiani wako wale wale waliowakamata. Ndipo Kasisi William Salter Price alipotumwa Mombasa, mwezi wa Novemba 1874. Alinunua shamba pale ng'ambo, na mwaka 1875 mji mdogo ukaanza, ukaitwa Frere Town. Mwezi wa Septemba mwaka ule, wakati wa demani, manowari iitwayo Thetis ililetea mji huo kundi la kwanza kubwa, watu zaidi ya 200, wengi wao watoto.

Waliowapokea ni nani? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wazungu walikuwa wachache. Walimu, mafundi na wakalimani walikuwa Waafrika waliojulikana kama Watu wa Bombay. Nao walikuwa wameokolewa utumwani wakiwa watoto, wakapelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik, wakajifunza useremala na uhunzi. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamekuja Rabai tangu mwaka 1864. George David alikuwa kiongozi wa Wakristo huko. Kwa hiyo mtoto aliyeshuka kutoka jahazini, asiyejua mahali alipo wala lugha ya watu wa hapo, alishikwa mkono na mtu ambaye naye aliwahi kushuka hivyo hivyo.

Maisha ya shule ile yalifuata kengele. Palikuwa na kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko na kuimba. Wavulana walijifunza kazi za mikono, wasichana kushona, na shamba lilihitaji watu wote. Kengele ya Frere Town ingali inakumbukwa, maana hata leo abiria wa matatu hushuka Kengeleni, ingawa wengi hawajui jina hilo limetoka wapi.

Huko Unguja shule nyingine ilikuwa imezaliwa vivyo hivyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipokea wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kutokana na watano hao, shule ikakua, ikahamia Kiungani. John Swedi, mmoja wao, akawa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza gazeti lao la Kiswahili, wakaliita Msimulizi. Ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu. Liliandika nini? Liliandika masomo, michezo, safari, na barua za waliokuwa wametoka shuleni kwenda kufundisha bara. Yaani, gazeti la kale la Kiswahili lilikuwa habari ndogo za shule ndogo!

Nawauliza, wasikilizaji, kwa nini vijana wale waliona habari hizo kuwa kubwa kiasi cha kupigwa chapa? Mimi nafikiri jibu ni hili. Mtumwa hakuwa na habari. Alikuwa na bei. Katika jahazi alihesabiwa kichwa, kama vile korosho zinavyohesabiwa gunia. Mtoto aliyepita katika hesabu ile, kisha akasikia ikisomwa kwamba fulani, kwa jina lake, ameugua Jumatatu na amepona Alhamisi, amesikia jambo kubwa. Amesikia kwamba yuko mtu aliyeona kuwa hayupo darasani.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Soma Warumi sura ya 16. Baada ya mafundisho mazito kuliko yote, Paulo anamaliza waraka wake kwa salamu: Fibi, Prisila na Akila, Ampliato, Urbano, na wengine wengi. Wataalamu wanatuambia kwamba kadhaa ya majina hayo yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa. Yuko Tertio, aliyeandika waraka ule kwa mkono wake, na yuko ndugu Kwarto. Tertio maana yake ni wa tatu. Kwarto ni wa nne. Ni majina ya hesabu! Lakini katika kanisa la Kristo Wa Tatu anatuma salamu zake mwenyewe, na Wa Nne anaitwa ndugu. Wengi wetu tunapofika sura hiyo tunairuka. Tunairuka kama tunavyoyaruka matangazo.

Hata hivyo sitasema kweli yote nisipotaja na upande wa pili. Katika Frere Town watoto hawakuulizwa kama wanataka kukaa. Wengi walipewa majina mapya, na ya mama zao yakapotea. Na mwaka 1881 ilipelelezwa habari ya msimamizi wa kituo, asiyekuwa kasisi, ambaye alikuwa akiwachapa watu viboko vikali. Watu waliookolewa mijeledini walikutana na kiboko ndani ya ua wa kanisa. Jambo lile liliaibisha chama, na Bwana Price akarudishwa kutengeneza mambo. Tunajifunza nini? Kwamba habari za shule zinazotaja nyimbo na kuficha fimbo si habari njema. Ikiwa mtoto ameumizwa shuleni kwetu, na sisi tukasoma siku ya Jumapili kwamba wote ni wazima, tumemrudisha jahazini.

Mungu hakuiacha kazi ile. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler wakawa mashemasi. Mwaka ule ule Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watumwa watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fedha. Mwaka 1907 sheria ikaacha kuutambua utumwa katika pwani yetu. Na mwaka 1934 kikatoka kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, ambamo mwana wa mtu aliyekombolewa alisimulia kwa Kiswahili safari ya wazee wake mpaka Frere Town. Mtoto wa aliyehesabiwa akawa mwandishi.

Tena, mwaka 1903 chuo cha watumishi wa Kanisa kilianzishwa pale pale Frere Town. Mwaka 1930 kikahamia Limuru, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Sisi tuliosoma huko tunaijua baridi ya Julai, ukungu ukiwa umefunika mashamba ya chai. Wanafunzi wa pwani huona kwamba kipupwe cha Mombasa kilikuwa mchezo tu. Lakini ni wachache waliokumbuka kwamba mizizi ya chuo ilikuwa katika mchanga wa Kisauni, kwa watoto walioletwa na bahari.

Nabii Zekaria, katika sura ya 4, aya ya 10, anauliza juu ya watu wanaoidharau siku ya mambo madogo. Swali hilo liko mbele yetu. Shule nyingi za makanisa yetu hazifungwi na adui ye yote. Zinafungwa kwa sababu washarika hawazijali. Mwalimu hakulipwa, hakuna aliyeuliza. Mtoto mmoja ameacha kuja wiki tatu, hakuna aliyebisha hodi kwao. Basi Jumapili ijayo, habari zitakaposomwa, usifungue kitabu cha nyimbo mapema. Sikiliza jina moja. Juma hili mwombee huyo, na kama yu mgonjwa, nenda ukamwone. Kama ameacha shule, ulizia sababu, hata ikiwa sababu yenyewe itatuaibisha.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mchungaji mwema, unayewaita kondoo wako kwa majina, utusamehe kwa kuwasahau wadogo wako. Uwalinde watoto wa shule zetu katika majira haya ya baridi, uwatie nguvu walimu wao, na utufanye kuwa kanisa linalojua ni nani hayupo. Amina.