Katana: utunzaji nyumbani
Kutu ndiyo adui mkubwa wa upanga wa Kijapani katika unyevu wa London. Mafuta ya zamani hupanguswa kwa karatasi laini, bapa hugongwagongwa kwa uchiko, yaani unga wa jiwe la kunolea, kisha hupakwa utando mwembamba wa mafuta yenye harufu ya karafuu (Mpemba angeitambua mara moja). Chuma hakiguswi kwa vidole: jasho lina chumvi. Shina lililofichwa ndani ya mpini halisuguliwi kamwe, kwa kuwa kutu yake humsaidia mtaalamu kukadiria umri. Kunoa aachiwe fundi. Tangu 2008, England na Wales zimezuia uuzaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, isipokuwa zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa mbinu za jadi.