Nipe Mji: Fumbo na Mahali Katika Nchi ya Simiyu

Katika mchezo wa vitendawili, anayeshindwa hulipa mji. Mtegaji huita "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", fumbo hutolewa na makisio huanza kumiminika. Yakikosa yote, mtegaji hudai haki yake: "Nipeni mji." Akitajiwa kijiji cha jirani huweza kukikataa kwa dharau, mpaka apewe mji wenye jina. Akiridhika husimulia jinsi alivyofika huko, alivyopokewa, akala akashiba, na ndipo hulitoa jibu waliloshindwa kulipata. Faini hiyo haimtoi mtu senti. Mtoto wa Bariadi anaweza kuutoa mji wa Mwanza leo, kesho akautoa tena kwa mwingine, na Mwanza ikabaki pale pale kando ya ziwa.

Faini ya namna hii ina harufu ya pwani. Huko mji ulikuwa zaidi ya mkusanyiko wa nyumba: Lamu, Pate, Mombasa na Kilwa, kila mmoja ulikuwa na watawala wake, misikiti yake na fahari yake, na kumpa mshindani mji kulikuwa, japo kwa maneno tu, kukiri kushindwa vita. Huku bara mchezo ulifuata njia ya Kiswahili chenyewe. Ulipita na misafara iliyokusanyika Tabora, ambayo wafanyabiashara wa karne ya 19 waliiita Kazeh, na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na lugha. Baadaye shule zilimaliza kazi, kwa kuwa vitendawili viliingizwa katika vitabu vya Kiswahili na kila mwanafunzi akafundishwa kuitikia "Tega!"

Wasukuma, ambao ndio wengi wa wakazi wa mkoa wa Simiyu, walikuwa tayari na mwito wao. Mtegaji husema "Kalagu!" na wasikilizaji hujibu "Kize!" Mahali pa mchezo huo palikuwa shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana wa kiume walikaa baada ya ng'ombe kuingia zizini. Hapo ndipo kijana alipojifunza ukoo wake, malisho, mipaka na majina ya mahali ambako hajawahi kukanyaga. Sehemu ya hazina hiyo imehifadhiwa kwa maandishi. Padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, pamoja na kamati ya utafiti ya wenyeji katika parokia ya Ndoleleji, upande wa Shinyanga, walikusanya kwa miaka mingi methali, hadithi na vitendawili vya Kisukuma, na baadhi vikaingia katika kitabu alichoandika na Joseph Healey mwaka 1996.

Vitendawili vyenyewe hupenda kujifanya mahali. Anayetega "nyumba yangu haina mlango" anazungumzia yai. Mwenye nyumba ya nguzo moja ana uyoga. Msikilizaji hupelekwa kwenye jengo ambalo halipo, na kazi yake ni kutambua kwamba nyumba si nyumba. Fumbo la mahali halisi hufanya kinyume chake: mahali papo, ila maneno yanayopataja yamepafunika.

Katika nchi ya Simiyu kifuniko cha kwanza ni majina ya watu wenyewe. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Kwa hiyo jina la kabila kubwa kuliko yote Tanzania ni dira, tena dira iliyoshikwa na mtu mwingine, kwa sababu hakuna anayeishi kaskazini kwake mwenyewe. Ni watu wa kusini, upande wa Unyamwezi, waliotazama juu na kuwaita wale Basukuma, nao wakaitwa Badakama. Wanyamwezi nao walipata jina linalojulikana zaidi kutoka pwani, na maelezo ya kawaida ni kwamba ndio watu wa upande unakoonekana mwezi mwandamo, yaani magharibi. Hata lahaja za Kisukuma zimegawanywa kwa pande nne hizo: Kimunasukuma, Kimunadakama, Kimunakiya na Kimunang'weli. Anayesema "natoka kiya" ametoa nusu ya jibu tu, kwa kuwa mashariki ya Mwanza ni magharibi ya Serengeti. Ili kumpata, ni lazima kwanza kujua msemaji amesimama wapi. Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa karibu kila fumbo la mahali katika eneo hili, na waliosahau kuifuata walipotea, wakiwamo wasafiri mashuhuri.

Ndani ya kiya palikuwa na tawala za watemi: Ntuzu, ambako Bariadi ipo na ambako wenyeji huitwa Wanyantuzu, na Itilima, Kanadi, Dutwa, Meatu na nyinginezo. Jina la utemi lilitosha kumweleza mtu. Lililofuata lilikuwa udongo. Mkulima wa Kisukuma huisoma ardhi kuanzia kilimani hadi bondeni, na kila hatua ina neno lake: lugulu ni mlima wenye mawe, luseni ni udongo wa kichanga chini ya mlima, itogolo huanza kushika maji, na mbuga ni ule udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. D. W. Malcolm, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu Usukuma kilichotoka mwaka 1953, aliyakuta maneno hayo yakitumika kwa ufasaha ambao wataalamu wa udongo wangeuonea wivu. Mtu akiambiwa kwamba ng'ombe wamepotelea itogolo, amekwisha kupunguza eneo la kutafuta. Kisha huja miti. Mbuyu ni alama isiyohama. Ua wa minyaa hubaki umesimama hata baada ya boma kuhamwa, na mpita njia hujua kwamba pale paliwahi kuwa na kaya.

Walioigeuza elimu hiyo kuwa siri ni vyama vya wawindaji. Bayeye walishika nyoka, banunguli waliwinda nungu, bayege waliwinda tembo. Mwindaji wa nungu alikuwa mfumbuaji kwa kazi: mwiba mmoja ulioanguka na udongo mbichi mdomoni mwa shimo vilimweleza kama mnyama yumo ndani au ameondoka. Buyeye kilikuwa chama cha siri kamili, chenye mafunzo ambayo asiyeingizwa hakupewa. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala katika jarida la Africa mwaka 1946. Vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilifanya yao hadharani. Katika mashindano yao ya baada ya mavuno, mtunzi, anayeitwa ningi, huweza kumsema mpinzani na kwao bila kutaja jina hata moja, na uwanja mzima ukajua nani amelengwa. Mgeni aliyesimama hapo hucheka kwa kuwa wengine wamecheka.

Katikati ya karne ya 19 nchi hii iliingia katika fumbo kubwa zaidi, nalo lilitegwa Ulaya. Swali lilikuwa: Mto Nili unaanzia wapi? Dokezo lilikuwa la zamani sana, la Ptolemy wa karne ya 2 aliyeandika habari za maziwa na Milima ya Mwezi. Wamisionari Jakob Erhardt na Johann Rebmann, waliokuwa pwani ya Afrika Mashariki, walitumia njia ile ile ya shikome: waliuliza wanaojua. Kila mfanyabiashara aliyetoka bara alisema ameona maji makubwa. Waliyaunganisha maelezo yote na kuchora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa, katika ramani iliyojulikana London mwaka 1856. Mashahidi hawakusema uongo. Mmoja alieleza Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza, yaani ziwa la Mwanza, kila mmoja kwa njia aliyoipita, na waliosikiliza wakadhani wote wanaeleza maji yale yale.

Aliyelitegua fumbo hilo la ziwa moja ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kazeh. Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walipofika kwake Novemba 1857, aliwaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali na kwamba la kaskazini, aliloliita Ukerewe, ni kubwa kuliko la Ujiji, yaani Tanganyika. Julai 1858 Speke aliifuata kauli hiyo kupitia Usukuma, na tarehe 3 Agosti aliona maji karibu na ilipo Mwanza leo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye aliongea naye Kihindustani. Jibu la mwenyeji kuhusu njia au mto lilipita katika lugha tatu, pengine nne, kabla ya kufika daftarini. Ajabu ni kwamba mengi yalifika salama.

Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, hakuwa na bahati hiyo kwenye mto uliolipa mkoa jina. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akapita Ugogo na Singida kwa hasara kubwa ya watu, akaingia Usukuma na kufika Kageyi, kando ya ziwa, tarehe 27 Februari 1875. Njiani alivuka mito mingi na kuuliza inaelekea wapi. Aliiunganisha kichwani mwake kuwa mto mmoja mrefu, akauandika "Shimeeyu", na katika kitabu chake cha mwaka 1878 akautangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nili. Sehemu ya maji aliyoyajumlisha haifiki ziwani hata siku moja. Maji ya Manonga na Wembere huteremka kwenye Ziwa Kitangiri, na kwa Mto Sibiti huishia katika magadi ya Ziwa Eyasi. Simiyu halisi ni mto wa wastani: huanzia kwenye nyanda zinazopakana na Serengeti, hupokea Mto Duma, na kuingia Ghuba ya Speke upande wa Magu, na wakati wa kiangazi hupungua kiasi kwamba watu huchimba mchanga kupata maji. Vyanzo vya mbali zaidi vya Nili hutafutwa leo kwenye vijito vya Kagera, Rwanda na Burundi. Kwa miaka michache, hata hivyo, wasomaji wa Ulaya waliamini kwamba jibu la fumbo la Ptolemy liko katika nchi ya Wasukuma, nalo ni Simiyu.

Karne ya 20 ilibadilisha alama za kukisia. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na majina kama Ntuzu na Kanadi yakaanza kutoweka katika anwani ingawa hayakutoka vinywani. Pigo kubwa zaidi lilikuwa Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976. Wasukuma walikuwa wameishi kaya moja moja, kila moja na mashamba yake na ua wake wa minyaa. Walipokusanywa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari, maelekezo ya zamani, yaliyotegemea boma la fulani kando ya kilima fulani, yalibaki bila boma. Kwenye mahame minyaa iliendelea kukua. Wazee bado waliweza kumpeleka mtu hadi mlangoni pa nyumba iliyobomolewa.

Mahali pamoja wilayani Bariadi pamegeuzwa kitendawili na taifa zima. Gamboshi ni kijiji cha wakulima na wafugaji, chenye mashamba ya pamba na mahindi kama jirani zake, lakini masimulizi ya nchi nzima yamekifanya makao makuu ya wachawi. Husimuliwa kwamba usiku hugeuka jiji lenye taa na maghorofa, na kwamba wanaoliona ni wachache. Kwa wenyeji sifa hiyo ni mzigo kuliko fahari. Kwa mchezo wa vitendawili ni mji uliotolewa na watu wasiowahi kufika, na mtegaji hana wa kumrudishia.

Ramani ya sasa nayo haijaacha kutega. Anayekwenda Maswa huteremkia Nyalikungu, wa Meatu hufika Mwanhuzi, wa Busega hupelekwa Nyashimo, na makao ya Itilima yapo Lagangabilili. Wilaya zimebeba majina mapana, nyingine yale ya watemi, na makao makuu yamebaki na jina la mtaa au kijiji yalipojengwa, hivyo mgeni mwenye barua ya serikali mkononi huuliza mara mbili. Bariadi peke yake ndiyo iliyounganisha majina yote mawili. Mkoa wa Simiyu ulipotangazwa Machi 2012 pamoja na Geita, Katavi na Njombe, wilaya nyingi ulizopewa zilitoka Shinyanga, na Busega ilitoka Magu, mkoani Mwanza. Watu wa Lamadi, huko Busega, walilala wakiwa wa Mwanza, wakaamka wa Simiyu bila kuhamisha hata kuku.

Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa na kupata halmashauri yake ya mji. Mtegaji wa Ntuzu aliyekuwa akiikataa na kudai Mwanza au Shinyanga hana tena sababu ya kuirudisha.