Bati Lilivyoondoa Mviringo Bokoli

Nyumba nyingi za udongo utakazoziona Bokoli, Webuye Magharibi nchini Kenya, zina pembe nne na paa la mabati. Za mviringo zimebaki mojamoja, mara nyingi jiko la bibi. Wapo wanaosema mviringo ulifukuzwa na shule na kanisa. Mimi nalaumu bati.

Paa la nyasi la Wabukusu, wenyeji wa hapa, lilikuwa na umbo la pia. Mapao yalikutana kileleni, na nyasi ikauzunguka mviringo bila taabu. Bati hutoka kiwandani limenyooka. Ukitaka kufunika paa la umbo la pia nalo, utalikata pembetatu, vipande vingi vitakuwa taka, na kila kiungo kitavuja. Aliyenunua mabati kwa pesa ya mahindi hana vipande vya kutupa, kwa hiyo ni kuta zilizobadili umbo.

Hata mahali pa kujenga palibadilika. Kabla ya ukoloni Wabukusu wengi waliishi ndani ya lukoba, kijiji kilichozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Charles Hobley walivunja ngome za Lumboka na Chetambe, hii ya pili karibu na Webuye, kwa bunduki ya Maxim. Baadaye watu walitawanyika, kila mtu na boma lake shambani.

Mifupa ya nyumba, hata hivyo, haikubadilika. Wanaume huchimba mashimo, husimika nguzo na kufunga fito ndani na nje. Udongo hujazwa katikati, kisha kina mama husiriba kwa samadi. Paa hubebwa na miti. Udongo kazi yake ni kuzuia upepo tu.

Ufundi huohuo uliwafaa wakulima wa Uingereza. Bayleaf, nyumba ya shambani ya karne ya 15 kutoka Kent, ni kiunzi cha mwaloni kilichozibwa kwa fito na udongo. Tofauti iko miguuni: nguzo zake hazikuzikwa, zilikaa juu ya boriti iliyolazwa, na viungo vikakazwa kwa vigingi vya mbao. Bonde lake lilipotakiwa kwa ajili ya bwawa, mafundi waliifungua kipande kwa kipande, wakaisimamisha tena katika makumbusho ya Singleton, Sussex. Ya Bokoli huwezi kuihamisha hivyo.

Kuzika nguzo ni kumkaribisha mchwa, ndiyo maana wazee walisisitiza lusiola, mti ambao mchwa huuona mgumu. Leo kilicho karibu ni mkaratusi, unaokua upesi na kuliwa upesi. Mafundi wengine hupaka mguu wa nguzo oili chafu ya gari kabla ya kuufukia, wakitumaini ukuta utasimama mpaka mwenyewe apate pesa ya matofali.